Mto Msimbazi ungeweza kwenda mahakamani, ungemshtaki nani?

#1 Mtoto wa Bondeni

Wakuu, salaam.

Juzi nilikuwa kibarazani na mpangaji mwenzangu, tukawa tunaangalia kwenye simu habari ya kule New Zealand. Kuna mto unaitwa Whanganui, tangu 2017 sheria yao inautambua kama mtu. Una haki zake, una walezi wawili wa kuusemea, mmoja kateuliwa kwa upande wa serikali, mwingine kwa upande wa Wamaori wenye asili ya pale. Mwenzangu akacheka mpaka chai ikampalia. "Sasa na Msimbazi nao ukapange foleni ya NIDA?"

Nikacheka na mimi. Usiku usingizi haukuja vizuri.

Mimi nimezaliwa Kigogo, hapa Dar, nimekulia bondeni mwa Msimbazi. Huu mto nimeuona ukibeba magodoro, mbwa, friji, na ile Desemba ya 2011 ukabeba watu. Lakini mimi huyuhuyu, nina miaka kumi na tatu, mvua ikianza tu baba ananipa sururu, twende nyuma tukatapishe choo. Mtaa mzima tulikuwa tunafanya hivyo. Gari la majitaka lilikuwa halifiki kwetu, na hata lingefika hela ya kulilipa ingetoka wapi. Mvua kubwa ndiyo ilikuwa gari letu.

Sasa naomba majibu ya kiutu uzima. Msimbazi ungepewa haki ya kwenda mahakamani, ungemshtaki nani? Mimi na marehemu baba? Viwanda? Jiji? Waliotuuzia viwanja? Au ungekamatwa wenyewe kwa kuua?

#2 Kigoda

Nimeweka kigoda. Mwenye karanga asogee.

#3 Mnyama Mkali

Ungeanza na Yanga. Wamejenga klabu kwenye makazi ya vyura halafu wanashangaa vyura wakiingia ofisini.

#4 Wa Mtaa wa Twiga

Mkuu #3, sisi na maji tumeshazoeana. Nyie mnajiita Wekundu wa Msimbazi na mto wenyewe hamjawahi hata kuunawia. Siku ukishinda kesi utawadai jina lake, mtajiita Wekundu wa nini?

#5 Wakili wa Mchangani

Mada nzuri, ila kabla hatujapanda ndege kwenda New Zealand tushukie Tabata kwanza.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, kesi ikiwa kwa jina la Joseph Kessy na wenzake, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo. Moshi mchana na usiku, nzi, harufu. Mahakama Kuu ikawapa ushindi, jiji liache kutupa taka pale. Jiji likawa linarudi kuomba muda uongezwe, na likaongezewa, mpaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa. Akasema kumwagia watu taka zinazohatarisha afya zao ni kuwaingilia haki ya kuishi iliyo kwenye ibara ya 14 ya Katiba.

Hakuna aliyehitaji kudai kwamba Tabata ni mtu.

Leo tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kifungu cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikiguswa. Kwa hiyo mto hauna shida na NIDA. Shida yake ni kumpata mwananchi mmoja mwenye nauli, vielelezo na subira ya miaka mitatu.

#6 Mwana Tabata

Mkuu #5 umesimulia nusu. Mimi nilikuwa mtoto pale, ule moshi naukumbuka, nguo zikianikwa zinarudi ndani zinanuka kuliko zilivyotoka.

Tulishinda, sawa. Taka zilienda wapi? Kunduchi Mtongani. Na wenyewe wakaenda mahakamani 1991, nao wakashinda. Zikahamia Vingunguti, bondeni mwa Msimbazi. Baadaye Mtoni. Sasa hivi ziko Pugu Kinyamwezi, na vilima vya Pugu ndiko Msimbazi unakoanzia. Yaani kila aliyeshinda kesi alimsukumia jirani yake, mpaka tukarudi kichwani mwa mto.

Sasa na mto ukishinda, mavi yataenda kwa nani? Ndilo swali langu kwa wasomi.

#7 Kigoda

Hapo #6 umegonga msumari. Nasogeza kigoda mbele.

#8 Mlimani Jioni

Samahani nitaandika kirefu, hii ndiyo mada ninayoisomea.

Swali la mtoa mada liliulizwa 1972 na profesa wa sheria wa California, Christopher Stone: je, miti inaweza kuwa na hadhi ya kusimama mahakamani? Watu wakamcheka kama alivyocheka yule mpangaji. Stone akajibu kwamba kila tulipompa haki mtu ambaye hakuwa nayo, mwanzoni tulicheka. Na kampuni je? Kampuni haina damu, haina mama, lakini inafungua kesi kila siku.

Mwaka uliofuata, 1973, Arne Næss wa Norway, mwanafalsafa na mpanda milima, akatenganisha namna mbili za kuwaza. Ya kwanza ni ya juujuu: tusichafue mto kwa sababu tutapata kipindupindu. Ya pili aliiita ya kina: tusiuchafue hata kama hakuna binadamu atakayeumwa, kwa sababu mto na vilivyomo vina thamani yavyo vyenyewe, si mpaka vitufae sisi. Kwa macho hayo, ukisema "tuokoe Msimbazi ili barabara ya Jangwani ipitike" bado uko juujuu. Hujauongelea mto, umeongelea barabara.

New Zealand ndio wa kwanza kuliweka hili kwenye sheria, na mimi naona...

#9 Wakili wa Mchangani

Mkuu #8, pole kukukatiza, New Zealand si wa kwanza. Ecuador waliweka haki za asili kwenye Katiba yao 2008. Na 2011 mto Vilcabamba ulishinda kesi kule, kifusi cha ujenzi wa barabara kilikuwa kinamwagwa mtoni.

Mbali kote huko kwa nini, Uganda tu hapo. Sheria yao ya mazingira ya 2019, kifungu cha 4, inasema asili ina haki ya kuwepo na kujirudishia uhai. Waganda wametuacha.

#10 Mlimani Jioni

Nimesahihishwa, asante mkuu. Niliandika kwa pupa.

#11 Mama Mchicha

Nyie wanangu mnaandika vizuri sana. Mimi nalima mchicha na matembele kwenye hilo bonde, mwaka wa kumi na tisa huu. Nimesomesha watoto watatu kwa mafungu. Mmoja ndiye kanifungulia hii akaunti.

Nawaambia mto nilivyoujua mimi. Asubuhi maji yana rangi moja, jioni rangi nyingine. Kuna kiwanda kimoja, sikitaji, siku wakimwaga yao maji yanakuja ya bluu kama ya kufulia, mchicha wa ukingoni unajikunja kesho yake. Tulienda kulalamika, tukaandika majina kwenye daftari la mlinzi getini, daftari lipo mpaka leo nadhani.

Halafu wakaja watu na vichupa, wakapima mchicha, wakasema una risasi na madini mengine mazito. Basi mchicha ukawa mbaya. Tukafukuzwa. Aliyemwaga akabaki, aliyemwagiwa akafukuzwa. Sasa mnaniambia mto utapewa haki. Mimi nikisikia mto una haki, nachungulia jembe langu liko wapi, maana najua atakayeanza kuondolewa.

Mimi na mto hatuna ugomvi. Nauamkia kila siku.

#12 Mlimani Jioni

Shikamoo mama. Umesema kwa maneno machache kitu ambacho Ramachandra Guha wa India alikiandika 1989 kumjibu Næss na wenzake. Alisema hiyo falsafa ya kina ikiletwa kwenye nchi maskini kama mzigo uliofungashwa Ulaya na Marekani, kinachotokea ni watu wa kijijini kuhamishwa ili matajiri wapate pori la kutazama. Pori bila watu. Wakati huku kwetu watu wa porini na pori walishazoeana.

#13 Mama Mchicha

Marahaba. Huyo Guha naye analima?

#14 Mlimani Jioni

Hapana mama, ni mwanahistoria. Anaandika sana kuhusu kriketi pia.

#15 Mnyama Mkali

Hahaa, mama kamaliza mjadala.

#16 Mzaramo wa Pugu

Haujaisha, tulieni. Mnamtaja Mnorway, mnamtaja Mhindi, hamjamtaja Kolelo.

Wazee wetu wa Uzaramo ukame ukizidi walikuwa wanatuma watu kwa miguu mpaka Uluguru, kwenye pango la Kolelo, kuomba mvua. 1905 vita vya Maji Maji vilipofika huku Uzaramo, jina la Kolelo lilikuwa midomoni. Sasa jiulize, maji ya bomba ya Dar yanatoka wapi? Mto Ruvu. Ruvu unatoka wapi? Uluguru. Wale wazee hawakuwa na ramani lakini walijua maji yao yana mwenyewe, na mwenyewe anakaa wapi. 2021 na 2022 Ruvu ulipopungua mkapewa ratiba ya mgawo wa maji, nani alikumbuka kwamba bomba lake linaanzia mlimani? Mlilaani bomba.

Na Pugu huku palikuwa na vichaka ambavyo hukati mti mpaka uombe. Mti ulikuwa na haki zake kabla huyo profesa wa California hajazaliwa.

#17 Injinia Mstaafu

Mzee wangu #16 nakuheshimu, ila hapo kidogo ni chai. Vile vichaka vilipona kwa sababu watu walikuwa wachache. Sensa ya 1967 Dar ilikuwa na watu kama laki mbili na sabini elfu. Sensa ya 2022 mkoa una milioni 5.38. Ungeweka mzimu mmoja kila mti, bado mkaa ungepikwa. Na wanaokata miti ya mkaa Kisarawe wengi ni wajukuu wa haohao waliokuwa wanaomba ruhusa. Siwalaumu. Dar ndiyo inayonunua.

#18 Mzaramo wa Pugu

Injinia, huo mkaa anayeula ni nani? Mzaramo au wewe wa Mbezi?

#19 Injinia Mstaafu

Mimi natumia gesi. (Mama watoto ana jiko la mkaa uani kwa ajili ya maharage. Nakiri.)

Ila niseme la mto sasa, maana hilo ndilo nililofanyia kazi. Mnasema Msimbazi umekasirika, Msimbazi unaua. Mto hauna hasira. Una kitu kimoja tu, unatafuta pa kulala. Kila mto wa tambarare una kitanda chake cha kila siku na uwanja wa kulalia siku ya maji mengi. Jangwani ndio ule uwanja. Mji ulipokua tukaezeka bati na kumwaga zege kuanzia Ubungo mpaka Kinyerezi, maji yaliyokuwa yanazama ardhini polepole sasa yanafika mtoni kwa dakika chache. Yanakuja na mchanga wa juu kote. Mchanga unatua pale mteremko unapoisha, yaani Jangwani. Kitanda kinapanda. Mvua ileile ya zamani sasa inafurika zaidi. Ndiyo maana mnaona mitambo inachota mchanga pale mwaka hadi mwaka kama mtu anayekomba sufuria isiyokwisha.

Sasa kuna mradi wa bonde, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa 2022, daraja refu Jangwani, karakana ya mabasi ya mwendokasi ihame, na bustani ya jiji. Kihandisi naunga mkono: daraja ni kukubali kwamba mto utapita. Tuta la zamani lilikuwa ubishi.

#20 Mtoto wa Bondeni

Injinia, nakuelewa kabisa, na nakuomba jambo moja. Useme pia kwamba ili mto upate pa kulala, sisi tuliokuwa tumelala pale tunaamshwa. Nyumba ya mama iliwekwa X. Rangi nyekundu, mlangoni, juu kidogo ya namba ya nyumba. Mama alikuwa anaipaka chokaa, inarudi. Siku ya tatu akaiacha, akatundika pazia mbele yake.

Sisemi bonde si hatari. Nimesema mwenyewe lilibeba watu. Lakini baada ya mafuriko ya 2011 watu walipelekwa Mabwepande, wengine baada ya muda wakarudi. Mtu anauza maandazi Kariakoo, unampeleka Mabwepande, nauli itakula maandazi yote.

#21 Ustadhi wa Ilala

Assalaam alaikum. Nimesoma toka mwanzo. Mnauliza mto ni mtu au si mtu, hilo kwangu si swali. Mto si mtu, na mtu si mwenye mto. Qur'ani imemwita binadamu khalifa katika ardhi. Khalifa ni mwakilishi, anashika kwa niaba, kama mwangalizi wa nyumba ya watu. Akivunja vyombo anaulizwa. Imepokewa pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza mtu kufuja maji ya udhu hata kama yuko kwenye mto unaotiririka. Hata kama maji hayapungui! Hiyo ndiyo hiyo "ya kina" ya Mnorway, ila sisi tunaiita amana.

#22 Mkristo wa Segerea

Ustadhi tuko pamoja. Wengi wanaishia Mwanzo 1:28, "mkatawale", wanafunga kitabu. Wafungue ukurasa wa pili, 2:15, Adamu anawekwa bustanini "ailime na kuitunza". Mama Mchicha ndiye anayetimiza andiko, na ndiye anayefukuzwa.

#23 Mwana Tabata

Amana nzuri, bustani nzuri. Ila machinjio, gereji, msikiti, kanisa, baa, kila mmoja mfereji wake unaelekea mtoni. Sijawahi kuona mfereji wa kiislamu wala wa kikristo.

#24 Ustadhi wa Ilala

Hapo nimekosa jibu. Tumekosea, ndiyo.

#25 Wa Mtaa wa Twiga

Narudi kwenye vyura, maana mmewadharau. Mnakumbuka vyura wa Kihansi? Bwawa la umeme likajengwa, vyura wakapelekwa Marekani kwa ndege, wakauzwa huko. Taifa zima giza, chura yuko kwenye kiyoyozi New York.

#26 Mlimani Jioni

Hawakuuzwa mkuu. Hao vyura waligunduliwa 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza. Walikuwa wanaishi korongo moja tu duniani, kule Udzungwa, sehemu ndogo iliyokuwa inalowa muda wote kwa mvuke wa maporomoko. Wadogo, unamweka kwenye ukucha wa dole gumba. Na hawatagi, wanazaa vitoto vilivyokamilika. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, megawati 180, mvuke ukakauka. Zikawekwa bomba za kunyunyizia, kama bustani ya hoteli, lakini 2003 wakafa kwa wingi, ugonjwa wa ukungu nao ukahusishwa. 2009 wakatangazwa wametoweka porini.

Walioponea ni wale karibu 500 waliokuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000 kwenye bustani za wanyama. 2010 mia moja wakarudishwa, wakawekwa maabara hapo Chuo Kikuu. 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Nimewaona kwa macho yangu, wa njano kama embe dodo.

Na hili ndilo linanisumbua kuliko Msimbazi wote. Chura yule hana kazi. Haliwi, hauzwi, hakuna aliyemjua kabla ya 1996. Angetoweka hakuna Mtanzania angelala njaa. Je, tulikuwa sahihi kumgharamia?

#27 Mnyama Mkali

Hapana.

#28 Mama Mchicha

Kazaliwa hapa, ana kwao. Mnataka awe na kazi ndiyo aishi? Vijana wangapi kijiweni hawana kazi.

#29 Kigoda

Mama usiache kuandika.

#30 Injinia Mstaafu

Mimi nilikuwa upande wa umeme miaka ile na sijuti. Hospitali inahitaji umeme. Ila sitasema nilikuwa na raha. Mlioko kwenye bwawa la Rufiji, megawati 2,115 ndani ya lililokuwa Pori la Selous, mtajua ninachosema. Unajenga, unajivunia, na kuna kitu unakikanyaga.

#31 Kijana wa Handeni

Mada imenigusa kwa njia nyingine. Mimi ni wa Handeni, niko Dar kibiashara. Tangu 2022 tumepokea majirani Msomera, Wamasai waliotoka Ngorongoro. Serikali inasema wamehama kwa hiari, wapo wanaosema hivyo na wapo wanaopinga. Sitaki ugomvi hapa. Ninachojua ni kwamba kuna mzee mmoja aliniambia babu yake aliondolewa Serengeti, akaambiwa Ngorongoro ndiko kwenu sasa. Hiyo ilikuwa 1959, Mwingereza bado yupo. Sasa mjukuu yuko Msomera.

Na pale Msomera napo kulikuwa na watu wenye mashamba yao kabla ya wageni. Nao wana lao la kusema. Ni lile la #6, dampo limehama.

#32 Mwana Tabata

Usiwaite watu dampo mkuu, ila nimekuelewa.

#33 Kijana wa Handeni

Samahani, nilimaanisha tatizo ndilo lililohama.

#34 Msimamizi wa Jukwaa

Wakuu, tubaki kwenye hoja. Ujumbe mmoja uliotukana kabila umeondolewa. Na za Simba na Yanga zina jukwaa lake.

#35 Wa Mtaa wa Twiga

Msimamizi ni Simba huyu.

#36 Msimbazi Creek

Nimechelewa. Mbona hamzungumzii mikoko ya daraja la Selander? Mto unaishia pale. Ile mikoko imekula plastiki ya mji mzima na bado imesimama. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 ilipunguza ile ya rambo, chupa bado zimo. Mimi navua pale. Samaki wapo. Siwauzii ndugu zangu.

#37 Mama Mchicha

Unamuuzia nani?

#38 Msimbazi Creek

Mama, hilo tuliache.

#39 Mtoto wa Bondeni

Hahaa. Unaona sasa? Mimi natapisha choo, mama anamwagilia mchicha, wewe unavua, wa Masaki anakula. Wote tumo kwenye hati moja ya mashtaka. Ndiyo maana usingizi hauji.

Nimewasoma wote, na bado sijajibiwa. Wakili anasema mto hauhitaji kuwa mtu. Mlimani anasema una thamani yake. Ustadhi anasema ni amana. Injinia anasema unatafuta pa kulala. Na ukiua je? 2011 nani alilipa?

#40 Wakili wa Mchangani

Hilo wenzetu walishakutana nalo. 2017 Mahakama Kuu ya jimbo la Uttarakhand, India, ilitamka kwamba Ganges na Yamuna ni watu kisheria. Serikali ya jimbo ikakimbilia Mahakama ya Juu: je, mto ukifurika mtu akafa, ndugu wa marehemu wamshtaki nani, sisi kama walezi wake? Julai mwaka huohuo hukumu ikasimamishwa. Yaani serikali ilikataa kuwa mzazi wa mtoto mkorofi.

Na niongeze la Vilcabamba nililolitaja #9. Waliofungua ile kesi kwa niaba ya mto ni Wamarekani wawili waliokuwa na ardhi yao pale chini. Ushindi ni ushindi. Lakini ujue sauti ya mto ilikuwa na lafudhi.

#41 Mlimani Jioni

Kwa hiyo swali si kama mto una haki. Ni nani anashika kipaza sauti chake.

#42 Injinia Mstaafu

Kijana, usilifupishe hivyo. Kuna wakati hakuna kipaza sauti, kuna maji tu, na yanakuja saa tisa usiku. Kifungu cha 57 cha ile sheria ya 2004 kinasema mita 60 kutoka ukingoni, hakuna shughuli ya kudumu. Hiyo mita 60 haijawekwa na Mnorway.

#43 Mtoto wa Bondeni

Na ukingo ukihama je, Injinia? Kwetu mto ulikuwa mbali. Baba alijenga akiwa nje ya hizo mita zako. Mto ndio uliotufuata, unakula udongo kila masika, mpaka ukafika jikoni. Nani alivunja sheria hapo?

#44 Injinia Mstaafu

Hilo ni kweli. Kingo za Msimbazi zinamomonyoka, na wachimba mchanga wameongezea. Sina jibu fupi.

#45 Mzaramo wa Pugu

Jibu mnalo, mnalikwepa. Maji hufuata mkondo.

#46 Mwana Tabata

Na mkondo umehamishwa na nani, mzee?

#47 Mama Mchicha

Wanangu, nauliza la mwisho nikafunge mafungu, kesho nawahi soko. Wale walezi wawili wa huo mto wa kule kwa Wamaori. Tukiwa na sheria hiyo hapa, walezi wa Msimbazi watachaguliwaje? Maana jana nilimsimulia mjumbe wetu habari za uzi huu. Ameniuliza swali moja tu.

#48 Mtoto wa Bondeni

Ameuliza nini?

#49 Mama Mchicha

Kama mlezi wa mto ana posho ya kikao.

#50 Kigoda

Fomu zinachukuliwa wapi?